KWEZI WA LAIKIPIA NA DHIKI YA UKAME

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, kama umepata kuishi Arusha, Dodoma au Singida, au kama umepata kupumzika chini ya mti katika Hifadhi ya Serengeti ukala mkate wako kabla ya kuendelea na safari, basi ndege ambaye nataka kukusimulia habari zake Jumapili hii unamfahamu, ijapokuwa yamkini hukupata kumwuliza mtu jina lake. Huyo ni kwezi. Si ndege mkubwa. Kichwa chake ni cheusi. Mgongo na mabawa ni buluu iliyochanganyika na kijani, nayo hung'ara juani kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Tumbo lina rangi ya kutu, na kati ya kifua na tumbo umepita utepe mweupe, mfano wa mtu aliyejifunga mshipi. Jicho lake ni jeupe, kali, lisilo na haya. Ukidondosha kombo la mkate yuko miguuni pako, naye hakuja peke yake.

Msomaji wa mjini, ambaye kila asubuhi hugombea basi na kila jioni hurudi nyumbani akiwa hoi, aghalabu humtazama ndege wa namna hiyo kwa kijicho. Hana kodi ya nyumba, hana mkubwa wa kazi, hana ada ya shule ya watoto. Fikira hizo ni za kale na zina utamu wake, walakini si za kweli. Ndege wa porini ana wakubwa wake, ana majirani, ana wageni wasiotakiwa, ana miaka mibaya; na mambo hayo yote humwingia katika damu yakaweza kupimwa. Mojawapo ya mahali ambapo yamepimwa kwa makini na kwa miaka mingi si mbali na sisi. Ni Laikipia, katika nchi ya Kenya. Natuandamane.

SAFARI YA KASKAZINI

Atokaye Arusha huvuka mpaka pale Namanga, akaingia Nairobi mchana kama gari halikumsumbua. Kutoka Nairobi hadi mji wa Nanyuki ni mwendo wa kilometa zipatazo 200. Barabara hupita Thika penye mashamba ya mananasi, ikafika Sagana, kisha ikapanda kwenda Karatina, mji wenye soko mashuhuri, katikati ya vilima vya chai na kahawa. Huko ardhi ni nyekundu, kila kipande kimelimwa, na migomba imesongamana hadi kwenye milango ya nyumba. Ukiisha kuiacha njia ya Nyeri mkono wa kushoto mambo huanza kubadilika. Migomba hupungua. Upepo huwa mkavu. Pale Naro Moru uwanda hufunguka, na kulia kwako, mawingu yakikuhurumia, utauona Mlima Kenya na vilele vyake vilivyochongoka.

Karibu na Nanyuki kimesimamishwa kibao kinachotangaza kwamba hapo ndipo ikweta ipitapo. Vijana wenye beseni na kijiti watakuonyesha jinsi maji yanavyozunguka upande huu ukisogea hatua chache kusini, na upande wa pili ukisogea hatua chache kaskazini. Ni werevu wa mikono yao tu; dunia haishughuliki na maji ya beseni. Hata hivyo wape chochote, maana mchezo wenyewe wanaucheza vizuri.

Ukitoka mjini ukielekea kaskazini-magharibi, vumbi huanza. Mlima ule mkubwa, pamoja na safu ya Aberdare, huyanyang'anya mawingu maji yake kabla hayajafika huku, na mvua inayowastawishia wakulima wa Karatina migomba yao hufika Laikipia kwa kipimo cha mchoyo. Baada ya kilometa zipatazo 50 utafika Mpala, shamba la mifugo na wanyama pori lenye ukubwa wa kilometa za mraba zipatazo 200, ambalo ndani yake mna kituo cha utafiti kilichofunguliwa katika miaka ya 1990. Ng'ombe na tembo hulisha ardhi moja. Mto Ewaso Nyiro hupita kando, rangi ya chai ya maziwa. Kwa mwaka hunyesha wastani wa milimita 500 hadi 600 hivi, lakini neno wastani lisikudanganye. Katika nchi hii wastani ni kitu cha vitabuni. Mwaka mmoja masika hujaza kila kijito, na mwaka unaofuata mawingu hukusanyika, hunguruma, huahidi, kisha huondoka.

Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi imeota migunga mifupi yenye vinundu vyeusi kwenye miiba. Ndani ya vinundu hivyo huishi sisimizi wakali, na upepo ukipita kwenye matundu waliyoyatoboa husikika mluzi mwembamba. Mtu akiutikisa mti sisimizi humtokea kwa mamia. Kwezi hupenda kujenga humo. Kiota chao ni cha majani makavu, kimefunikwa juu, kina mlango mmoja. Na miiba na sisimizi huwa ndio walinzi wa nyumba.

WAKUBWA NA WADOGO

Tangu mwaka 2001 mtaalamu wa Kimarekani, Dustin Rubenstein, ambaye baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Columbia, amekuwa akiwachunguza kwezi wa Mpala pamoja na wanafunzi wake na wasaidizi Wakenya. Kila ndege aliyenaswa amevishwa pete za rangi miguuni, na kwa mpangilio wa rangi hizo hutambulikana kwa mbali kama vile mwalimu amtambuavyo mwanafunzi wake kwenye mstari. Kwa njia hiyo inajulikana nani mtoto wa nani, nani amehamia kutoka wapi, na nani aliyekuwa akimlisha kinda wa nani katika msimu wa mwaka fulani.

Kwezi hawa hawakai wawili wawili. Kundi moja laweza kuwa na ndege saba, na jingine likapita 30. Kundi huwa na eneo lake na hulilinda. Ndani yake mna jozi kadhaa zinazotaga katika msimu mmoja, na wengine wote, ambao ni wengi, hawatagi. Baadhi ya hao wasiotaga huwasaidia wanaotaga: huleta panzi na viwavi kwa makinda, huwafukuza maadui, husimama juu ya mti wakilinda. Baadhi hawafanyi lolote. Madume wengi hubaki katika kundi walimozaliwa. Majike wengi huondoka wakatafute kundi lingine, na huko hufika wakiwa wageni wasio na ndugu.

Msomaji asifikirie kwamba maisha hayo ni ya upole mtupu. Nilipokuwa nikisubiri gari katika uwanja mmoja wa nyuma ya mkahawa pale Nanyuki, niliwatazama kwezi kama kumi na wawili waliokuwa wakigombea makombo ya mandazi. Kulikuwa na mmoja ambaye kila alipofika kwenye kombo alisukumwa. Hakupigwa, alisogelewa tu, mwenzake akainua kichwa, naye akarudi nyuma. Alifanya hivyo mara nne au tano, kisha akaenda kuchokora kwenye majani makavu mbali na wenzake. Hata urembo una sehemu katika mashindano hayo. Kwezi jike anang'ara sawa na dume, tofauti na ndege wengi ambao majike wao wamevikwa rangi ya vumbi. Rubenstein na mwenzake Irby Lovette walieleza mwaka 2009 kwamba katika kwezi wa Afrika wanaolea kwa pamoja, majike hushindana wao kwa wao wapate nafasi ya kuzaa, na kwa hiyo nao wanahitaji mavazi.

DAKIKA TATU

Sasa twende kwenye damu. Ndege anapotishwa, kwa mfano na mwewe, au anapokaa siku nyingi bila chakula cha kutosha, tezi zilizo karibu na figo zake humwaga katika damu homoni iitwayo kotikosteroni. Binadamu tuna homoni ya ukoo huo huo, kotisoli. Kazi yake ya kwanza ni njema kabisa. Hutoa sukari iliyowekwa akiba, huupa mwili nguvu, huahirisha mambo yasiyo ya haraka. Ndege mwenye mwewe mgongoni hana haja ya kufikiria mayai. Taabu huja pale ambapo mwewe haondoki, yaani dhiki inapokuwa ya kila siku. Hapo mwili ulioahirisha uzazi huendelea kuahirisha, kinga dhidi ya maradhi hudhoofika, na akiba huliwa hadi ikaisha. Hali hiyo ndiyo ambayo siku hizi katika hospitali zetu huitwa msongo.

Kuipima kwa ndege wa porini kuna ujanja wake. Mkono wa mtu peke yake ni tishio, na homoni huanza kupanda mara ndege anaswapo. Lakini haipandi papo hapo. Zipo kama dakika tatu ambamo damu bado inasema habari za kabla ya mtego. Kwa hiyo mtafiti hukaa karibu, saa mkononi. Ndege akinaswa hukimbia, akachoma mshipa mdogo wa bawa kwa sindano, akachukua matone machache katika kijirija cha kioo kabla ya dakika hizo kwisha. Kisha ndege hutiwa katika mfuko wa kitambaa, akakaa gizani kama nusu saa, akatolewa tena damu. Tone la kwanza laeleza namna anavyoishi siku zote. La pili laeleza namna anavyopokea msiba.

Rubenstein alifanya hivyo kwa kipindi cha miaka minne, miaka ya mvua na miaka ya ukame, akatoa matokeo yake mwaka 2007. Angeliweza mtu kubashiri kwamba ukame utawatesa wote sawasawa, kwa kuwa mvua inapokosa kunyesha hainyeshei mkubwa wala mdogo. Haikuwa hivyo. Katika majira yanayotangulia uzazi, kiasi cha homoni katika damu ya ndege wa daraja la chini kilifuata mvua: ilivyopungua mvua, ndivyo homoni ilivyopanda. Tofauti baina yao na wenye daraja ilikuwa kubwa zaidi katika miaka mikavu. Mvua ilipokuwa nzuri, tofauti hiyo ilipungua.

Nakuomba, msomaji, ukae kidogo juu ya jambo hili, maana mimi naliona kuwa ndilo kiini cha habari yote. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wakibishana kuhusu wanyama waishio kwa makundi: je, anayeumia zaidi ni mtawala, ambaye sharti apigane kila siku kulinda cheo, au ni mtawaliwa, ambaye husukumwa? Kila upande ulikuwa na ushahidi wake kutoka kwa mnyama fulani. Kwezi wa Laikipia wameonyesha kwamba swali lenyewe lilikuwa na upungufu, kwa sababu halikutaja mvua. Cheo kina uzito mmoja mwaka wa panzi tele, na uzito mwingine mwaka ambao kuna panzi mmoja kwa ndege wawili. Mdogo hasukumwi na mkubwa peke yake, wala haumizwi na ukame peke yake. Ukame humfikia ukipitia kwa mkubwa. Na kwa kuwa mwenye dhiki nyingi hataga, ukame ndio unaoamua mwaka huo nani atakuwa mzazi na nani atabaki kuwa mlezi wa watoto wa wengine.

MZIGO ULIOGAWANYWA

Hapo utauliza kwa haki: ikiwa mambo ni hayo, huyo mdogo anafanya nini katika kundi? Si aende zake?

Katika nyika hiyo hiyo ya Mpala yupo jamaa wa kwezi huyu, aliye wa buluu iliyokoza mwili mzima, mwenye jicho la manjano. Huyo huzaa kwa mtindo tuliouzoea: mume na mke, kiota chao, makinda yao, basi. Mtaalamu Sarah Guindre-Parker, pamoja na Rubenstein, aliwalinganisha ndege hao wawili katika utafiti uliotolewa mwaka 2018. Kilichopimwa safari hii hakikuwa homoni bali aina ya kutu ya mwilini. Oksijeni inapotumika kutia nguvu viungo huacha mabaki makali yenye kudhuru, na mwili una dawa zake za kuyazimua. Kazi ikizidi, mabaki huishinda dawa.

Kwa ndege wa buluu tupu, wale waishio wawili, mabaki hayo yaliongezeka kwa kadiri ya kazi ambayo kila mmoja aliifanya kulisha makinda. Aliyefanya kazi nyingi aliungua zaidi. Kwa kwezi wetu wa kundi, wazazi na wasaidizi hawakutofautiana, na gharama hiyo haikuonekana. Watafiti wenyewe walikuwa waangalifu, wakasema pengine ni kwa sababu kwezi wa kundi hupoteza viota vingi kwa maadui na hulazimika kujaribu tena na tena, hata miili yao ikazoea kulea kwa gharama ndogo. Iwe sababu ni hiyo au ni mikono mingi, ukweli uliopimwa ni kwamba mmoja anaunguzwa na malezi na mwenziwe haunguzwi. Mwaka 2020 watafiti hao hao walionyesha pia kwamba kuishi katika kundi kubwa huambatana na kuishi muda mrefu zaidi. Basi mdogo anasukumwa kwenye kombo, ndiyo, lakini anasukumwa akiwa hai.

Tena kuna jambo la macho. Nyika ina nyoka, nguchiro, nyani, vipanga na mwewe wa kila namna, na viota vingi huishia tumboni mwao. Anayeishi na wenzake ishirini ana macho arobaini. Kwezi wana milio miwili ya hadhari: mmoja wa kukwaruza kwa adui atembeaye ardhini, na mwingine mwororo kwa adui wa angani. Katika Hifadhi ya Amboseli, miaka ya 1980, Dorothy Cheney na Robert Seyfarth waligundua kwamba hata tumbili wamejifunza lugha hiyo. Wakisikia mlio wa mwewe kutoka kwa kwezi hutazama juu; wakisikia wa ardhini hukimbilia mitini.

Na hofu si jambo dogo. Ili kujua uzito wake peke yake, bila meno ya adui, yabidi tuvuke bahari kidogo hadi visiwa vya magharibi ya Kanada, ambako Liana Zanette na wenzake walifanya jaribio walilolitangaza mwaka 2011. Walichukua viota vya ndege wadogo wa jamii ya shomoro, wakavizungushia nyavu na waya wa umeme hata adui asiweze kuvifikia. Kisha wakaweka vipaza sauti msituni. Sehemu moja zilisikika sauti za maadui, sehemu nyingine sauti za viumbe wasiodhuru. Hakuna aliyeliwa. Walakini wale waliosikia sauti za maadui walifanikiwa kupata watoto pungufu kwa asilimia 40 katika mwaka huo. Walitaga mayai machache, walitoka viotani mara kwa mara kwa wasiwasi, na makinda wao walipata chakula kidogo. Sauti tu ilitosha.

NA NDEGE WA MJINI?

Wewe uishiye Kariakoo au Ilala bila shaka umekwisha kujiuliza habari za ndege wa mtaani kwako, ambaye mchana kutwa husikia honi na usiku hupigwa na taa. Habari zake ni za kushangaza. Huko München, Ujerumani, Jesko Partecke na wenzake waliwachukua makinda wa ndege mweusi mwimbaji wa bustani, wengine kutoka katikati ya mji na wengine kutoka msitu wa karibu, wakawalea wote pamoja kwa mkono, chakula kimoja, chumba kimoja. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Walipokua na kushikwa, wale wenye asili ya mjini homoni yao ilipanda kidogo kuliko ya wale wa msituni. Hawakupata kuishi mjini hata siku moja tangu watolewe viotani, lakini mji ulikuwa umekwisha kuwachuja: mwenye moyo wa kuruka kwa kila kishindo hakudumu huko, na waliobaki walirithishana utulivu.

Kwa upande wetu, anayestawi zaidi Dar es Salaam ni yule kunguru wa Bara Hindi aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, ati aje asafishe takataka. Takataka hakuzimaliza. Mayai na makinda ya ndege wetu wadogo ndiyo aliyoyafanyia kazi kwa bidii. Ukisikia mtaani kwako asubuhi sauti ya kunguru tu, basi mazingira ya ndege wengine yamekwisha kubadilishwa na jirani mmoja.

WAGENI NA MADENI

Turudi Laikipia, kwa sababu habari ya mwisho kutoka huko ni ya karibuni, nayo yamhusu yule mgeni asiye na ndugu niliyemtaja hapo juu. Ilidhaniwa kwa miaka mingi kwamba ndege anayelisha makinda yasiyo yake hufanya hivyo kwa kuwa ni wadogo zake au wapwa zake, na kwa hiyo damu yake inasonga mbele kwa njia ya pembeni. Ni kweli kwamba kwezi humpendelea ndugu. Lakini mwezi wa Mei 2025 Alexis Earl, Rubenstein na wenzao walitoa katika jarida la Nature hesabu ya misimu 40 ya uzazi, tangu 2002 hadi 2021, inayoonyesha jambo ambalo lisingeonekana katika msimu mmoja wala mitano. Kwezi huwasaidia pia wasio ndugu, tena mara nyingi, hata pale ambapo ndugu yuko jirani na anahitaji msaada. Na msaada huo haumwagwi ovyo. Ndege fulani humsaidia ndege fulani. Miaka ikapita, zamu zikageuka, aliyesaidiwa akamsaidia aliyemsaidia.

Ilihitajika miaka ishirini kuliona, kwa kuwa deni la kwezi halilipwi msimu ule ule. Hulipwa mvua ikiruhusu. Katika nchi ambamo hujui kama masika yajayo yatakuja, anayetaga mwaka huu aweza kukosa mwaka ujao, na mlezi wa leo akawa mzazi wa kesho. Rubenstein na Lovette walikwisha kutanguliza ushahidi wa jambo hilo kwa upana zaidi mwaka 2007, walipowalinganisha kwezi wa Afrika wa aina 45. Wanaolea kwa pamoja ni wale hasa wa nyika zisizotabirika, ambako mvua ya mwaka huu haisemi lolote juu ya mvua ya mwaka ujao. Wale wa msituni, ambako chakula hakikosekani sana, aghalabu hukaa wawili wawili.

Sasa swali ambalo bado liko wazi ni la kiasi. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40. Wafugaji walipoteza mifugo kwa mamilioni. Desturi ya kupokezana zamu imejengwa juu ya mwaka mbaya unaofuatwa, punde au baadaye, na mwaka mzuri. Miaka mibaya ikifuatana, wale wa daraja la chini, ambao damu yao ndiyo ya kwanza kupanda homoni, ndio wa kwanza kukosa zamu. Na kundi likipungukiwa na hao hupungukiwa na walinzi, na walishaji, na madeni yenyewe. Kundi likiwa dogo mno huhitaji wageni ili liendelee kusimama. Na wageni nao hutoka katika makundi jirani yaliyopigwa na ukame ule ule.

Atakaye kuwaona na aende Aprili au Mei, baada ya mvua za masika kushika, au Novemba wakati wa vuli. Kuingia Mpala kwahitaji kuomba ruhusa mapema, kwa kuwa ni mahali pa kazi. Lakini kwezi hawaombi ruhusa, nao wamo katika viwanja vya Nanyuki, kando ya barabara ya Naro Moru na kwenye kila mgunga uliosimama peke yake. Chukua maji, kofia na subira. Tafuta kiota, kaa mbali nacho hatua thelathini, usipite chini ya mti. Wadogo wa mwaka huo utawajua kwa jicho lao, ambalo bado ni jeusi, halijageuka kuwa jeupe. Kisha uwahesabu wanaoingia na panzi mdomoni. Wawili wa kwanza yamkini ni wazazi. Endelea kuhesabu.